Kabla ya kutoa pesa, ulizeni: Biashara na mila zetu hapa Matuga



Kikundi kinapotaka kuanza biashara, maswali ya kwanza huwa ni matatu. Mtaji tutatoa wapi? Mali tutauza wapi? Faida itakuwa kiasi gani? Hayo ni maswali ya maana, na kikundi kisichoyauliza kitaanguka mapema. Lakini liko swali la nne ambalo vikundi vingi huliruka: watu wa mahali hapa wenyewe hufanyaje mambo yao?

Msidhani swali hili ni la mgeni aliyeshuka jana Diani na begi lake. Ni letu sote. Mtu wa Tiwi akienda kununua machungwa Shimba Hills ni mgeni huko. Mtu wa Shimba Hills akiteremka Ng'ombeni kukodi minazi, naye ni mgeni. Na pesa za kikundi si pesa za mtu mmoja. Ni akiba ya kina mama ishirini walioweka shilingi hamsini hamsini kila wiki. Zikipotea kwa sababu hakuna aliyeuliza, haziozi pesa tu: kikundi chenyewe hufa, na majirani hubaki hawasemezani.

Katika toleo hili tunaeleza mambo ambayo kikundi cha Matuga kinapaswa kuyajua kabla ya kufungua mkoba. Mila ni masharti ya biashara yasiyoandikwa. Huwezi kuyasoma kwenye karatasi ya mkataba, lakini ukiyavunja utayalipia.

1. MATUGA NI YA WATU WENGI

Matuga ina wadi tano: Tsimba Golini, Waa-Ng'ombeni, Tiwi, Kubo Kusini na Mkongani. Wenyeji wengi ni Wadigo, mmojawapo wa makabila tisa ya Mijikenda, na wengi wao ni Waislamu. Upande wa bara wako Waduruma. Kule Kubo Kusini, yaani Shimba Hills, wako Wakamba wengi ambao jamaa zao walifika kwa mipango ya makazi wakati wa ukoloni na baada ya uhuru, na wengi wao ni Wakristo. Wako pia watu waliokuja kutafuta kazi na biashara kutoka kila pembe ya Kenya.

Kwa hiyo mtu akikuambia "watu wa Matuga hupenda hivi" muulize: watu gani? Wa wapi? Kinachofaa Kombani sokoni huenda kisifae Mkongani. Kikundi chenye wanachama wa makabila na dini mbalimbali kina bahati, maana kila mmoja ni mwalimu wa wenzake. Shida ni kwamba mara nyingi hatuulizani. Tunaona haya, au tunadhani tunajua.

2. ARDHI INA MWENYEWE, NA MTI UNA MWENYEWE

Tuanze na mnazi, maana ndio mti wa biashara wa pwani hii.

Tuchukue mfano. Kikundi kimepata shilingi elfu thelathini na kinataka kukodi minazi sitini kwa mwaka mmoja, kiwe kinaangua nazi na kuziuza Mombasa. Wanamtafuta mwenye shamba, wanapatana bei, pesa zinatolewa. Siku mkwezi anapopanda mti wa kwanza, anatokea mzee mwingine na kuuliza, "Nani amekuruhusu kupanda minazi yangu?" Hapo ndipo taabu inaanza. Mwenye shamba hakusema uongo. Ardhi ni yake kweli. Lakini minazi ishirini kati ya ile sitini ilipandwa na baba ya huyu mzee, kwa ruhusa ya wazee wa wakati ule.

Katika mila za pwani, ardhi ni kitu kimoja na mti ni kitu kingine. Aliyepanda mnazi ndiye mwenye mnazi, hata kama ardhi ni ya mtu mwingine. Mti huweza kurithiwa, kuuzwa au kuwekwa rehani peke yake, na ardhi ikabaki pale pale. Anayetoka mahali ambapo hati ya shamba hubeba kila kilichomo juu yake huona jambo hili kuwa la ajabu. Kwa mwenyeji si ajabu hata kidogo.

Sababu yake ni kwamba mnazi ni mali ya muda mrefu. Huzaa kwa miaka mingi kuliko umri wa kazi wa aliyeupanda. Kupanda mnazi ni kama kuweka akiba ya wajukuu, na akiba haipotei kwa sababu tu imewekwa kwenye nyumba ya mwingine.

Tena mti mmoja una biashara nyingi ndani yake. Kuna nazi, kuna madafu, kuna makuti ya kuezekea, kuna makumbi, na kuna tembo. Biashara hizi hazikai pamoja zote. Dafu ukiliangua leo, nazi hutaipata kesho. Mnazi ukigemwa, karara yake hukatwa ili itoe tembo, na karara iliyokatwa haizai nazi. Mara nyingi mgema si mwenye mti. Tena yako mashamba ambayo mwenyewe ni Mwislamu asiyetaka minazi yake igemwe kamwe. Kwa hiyo ukisema tu "nimekodi minazi" hujasema kitu bado. Umekodi nini katika mnazi?

Halafu kuna urithi. Zamani, kati ya Wadigo, mali nyingi ilirithiwa kwa upande wa kukeni: mjomba akifa, mali ilikwenda kwa watoto wa dada yake. Uislamu ulipoenea, sheria ya dini ikawapa watoto haki katika mali ya baba yao. Njia hizi mbili zimeishi pamoja kwa miaka mingi, na mpaka leo shamba moja laweza kuwa na wadai wa upande wa baba na wa upande wa mjomba. Waduruma nao wanahesabu ukoo kwa pande zote mbili, kuumeni na kukeni. Kati ya Waislamu, mambo ya urithi yanaweza kupelekwa kwa Kadhi, na mahakama hiyo inatambuliwa na Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 170.

Basi kabla ya kukodi au kununua, kikundi kiulize mambo haya:

- Ardhi hii ni ya nani, na ina hati?
- Miti hii ilipandwa na nani, na sasa ni ya nani? Hesabuni mti mmoja mmoja mkiwa na wenyewe.
- Je, kuna mnazi uliowekwa rehani kwa mtu mwingine?
- Mwenye mali akifa katikati ya mkataba, nani atasimama mahali pake? Mleteni mtu huyo naye asikie.
- Tunakodi nazi tu, au na madafu na makuti? Kugema kunaruhusiwa?

Yakishajibiwa, yaandikwe na kutiwa sahihi. Kwa upande wa ardhi, sheria ya Kenya inataka mkataba wa kuuza uwe wa maandishi na wenye sahihi na mashahidi. Ardhi ya kilimo iliyo chini ya bodi ya ardhi haiuzwi wala haikodishwi bila idhini ya bodi hiyo, na maombi hupelekwa katika muda wa miezi sita tangu mapatano. Msiambiwe ati karatasi ya dukani yatosha.

3. MASHAHIDI NI SEHEMU YA BEI

Mtu wa mjini huona wazee watatu walioketi chini ya mwembe na kufikiri kwamba wanapoteza wakati wake. Wakati ule wale ndio masijala ya kijiji. Wao ndio wanaojua nani alipanda wapi, nani aliuziwa, na mpaka ulipita kwenye mti gani kabla haujakatwa.

Jambo hili limeandikwa hata vitabuni. Mwaka 1972 mwanazuoni David Parkin alichapisha kitabu juu ya Wagiriama wa Kaloleni, ndugu zetu wa Mijikenda kule Kilifi. Alieleza jinsi watu waliokuwa wakijikusanyia minazi na mashamba kwa ajili ya biashara ya mbata walivyowahitaji wazee wawe mashahidi wao. Mfanyabiashara mwenye pesa nyingi, lakini asiye na mzee wa kumshuhudia, alikuwa hana kitu mkononi. Basi hata yule aliyetaka maendeleo ya haraka ilimbidi awaheshimu wazee na kuhudhuria mambo yao.

Kwetu hapa ni vivyo hivyo. Salamu huja kwanza, na haziharakishwi. Mkubwa anapewa shikamoo. Unauliza habari za nyumbani, za mgonjwa, za mvua, ndipo unafika kwenye neno lako. Mwanamume akikutana na mama wa Kiislamu asikimbilie kutoa mkono. Angoje aone kama mama mwenyewe atautoa. Mkifika kijiji kigeni, piteni kwanza kwa mzee wa mtaa au naibu wa chifu mjulikane mmekuja kwa nini. Dakika hizo si hasara, ni sehemu ya bei, na ni rahisi kuliko nauli ya kwenda mahakamani Kwale.

4. MKOPO, FAIDA NA RIBA

Vikundi vingi siku hizi huweka akiba na kukopeshana. Mtindo wa kukopesha kutoka kwenye sanduku la kikundi na kugawana mwisho wa mwaka ulianzia Niger mwaka 1991 kwa msaada wa shirika la CARE, ukaenea Afrika nzima. Ni mtindo mzuri. Lakini katika mtindo huo mkopaji hurudisha zaidi ya alichokopa, na hapo Mwislamu anasimama na kuuliza: je, hii si riba?

Riba imekatazwa katika Uislamu. Kikundi cha Matuga kikiandika katika katiba yake "riba asilimia kumi kwa mwezi" kimefungia majirani wengi mlango bila kujua. Wengine hawatasema. Watakuja mkutano wa kwanza, watatabasamu, na wa pili hawatakuja. Viongozi watabaki wakilalamika, "Watu wa hapa hawapendi maendeleo." Kumbe wanapenda sana, ila wameogopa dhambi.

Ziko njia nyingine. Ya kwanza ni mzunguko wa kawaida: kila mtu anatoa sawa, na kila mtu anapokea kwa zamu bila nyongeza. Ya pili ni kununua na kuuza. Tuseme mama anataka cherehani ya shilingi 12,000. Kikundi hakimpi pesa. Kinanunua cherehani chenyewe, kinakuwa mali ya kikundi, kisha kinamuuzia mama kwa shilingi 13,800, alipe 2,300 kila mwezi kwa miezi 6. Faida ya kikundi ni 1,800. Bei imekatwa mwanzoni na haiongezeki hata akichelewa. Waislamu huiita murabaha, na ndiyo njia inayotumiwa na benki za Kiislamu kama Gulf African Bank, iliyoanza kazi Kenya mwaka 2008. Ya tatu ni ushirika: kikundi kinatoa mtaji, mwanachama anatoa kazi, faida inagawanywa kwa kiasi walichopatana, na hasara ya mtaji ikitokea bila uzembe inabebwa na mwenye mtaji.

Sisi hatutoi fatwa hapa. Tunasema hivi: kabla ya kuandika katiba ya kikundi, waiteni wanachama wa Kiislamu, na ikibidi sheikh wa mtaa, awaeleze. Kanuni ikikubaliwa na wote tangu mwanzo, marejesho yanakuja bila kusukumana.

5. CHAKULA CHA KUUZA

Miradi ya kuku ni mingi Matuga. Kuku mzima anauzika kwa yeyote. Lakini kikundi kikitaka kuuza kuku waliochinjwa, kwa mahoteli ya Kombani au kwa harusi, lazima achinje Mwislamu kwa utaratibu wa dini yake, na wateja wajue ni nani. Hili si jambo la kubishana. Mteja akiwa na shaka hanunui, na shaka ya mteja mmoja hufika soko zima kabla ya adhuhuri.

Vikundi vya Kikristo vya Shimba Hills wakati mwingine hupewa wazo la kufuga nguruwe. Mnyama huyu huzaa sana na hukua upesi, ni kweli. Lakini ulizeni kwanza: banda litakaa wapi, maji machafu yatateremkia kwa nani, na nyama itapita kwenye gari gani? Kama sufuria, kisu au mizani ileile itatumika kwa biashara nyingine ya kikundi, mmepoteza wateja wa ile nyingine. Na kama katika kikundi kuna Waislamu, mradi huo si wa kikundi tena. Heri kufuga mbuzi wachache mkabaki pamoja.

6. KALENDA ILIYO UKUTANI NA KALENDA NYINGINE

Kalenda iliyo ukutani ni moja tu kati ya kalenda zinazotumika hapa.

Ya kwanza ni ya juma. Ijumaa mchana ni swala. Jumapili asubuhi ni kanisa. Mkiita mkutano saa saba mchana siku ya Ijumaa, msishangae viti vikiwa vitupu. Kumbukeni pia kwamba Mijikenda walikuwa na juma lao la siku nne, na siku ya nne, jumwa, ilikuwa ya kupumzika kulima. Mahali pengine wazee bado wanaihesabu.

Ya pili ni ya mwezi. Mwaka wa Kiislamu ni mfupi kuliko wa kawaida kwa siku kama 11, kwa hiyo Ramadhani huja mapema zaidi kila mwaka. Mwaka 2020 ilianza mwishoni mwa Aprili, wakati wa mvua za masika na kupanda. Mwaka 2025 ilianza mwanzoni mwa Machi, kwenye joto kabla ya mvua. Anayepanga biashara kwa kusema "mwaka jana mwezi kama huu tuliuza sana" atakosea. Wakati wa Ramadhani hoteli ya chai ya mchana hulala, lakini jioni nazi, mbaazi, mihogo, viazi, tende na unga wa mahamri hutakiwa kwa wingi. Idd ikikaribia hutakiwa nguo, viatu na kuku.

Tufanye hesabu moja. Kuku wa nyama hukaa wiki 6 hivi tangu kifaranga mpaka kuuzwa. Ramadhani ni siku 29 au 30, na Idd huja mara tu ikiisha. Kwa hiyo kikundi kinachotaka kuuza kuku wa Idd kinaingiza vifaranga wiki mbili hivi kabla ya Ramadhani kuanza. Ukingoja mpaka mfungo uandame, kuku wako watakuwa tayari sherehe imepita, na chakula cha kuku hakijui sikukuu.

Ya tatu ni ya bahari. Kwa wenzetu wa Tiwi, upepo wa kusi, kuanzia Aprili mpaka Septemba hivi, huichafua bahari, na mashua ndogo hazitoki sana. Kaskazi, kuanzia Novemba mpaka Machi, bahari hutulia na samaki huwa wengi. Kikundi cha kukaanga samaki kisipojua hili kitaahidi mteja samaki wa bei moja mwaka mzima, na kitaumia.

7. WIVU, MATANGA NA MAHESABU

Kuna jambo watu hulisema kwa sauti ya chini. Mtu au kikundi kikipata mali kwa ghafla, maneno huanza. Wengine watasema wamekula pesa za mradi. Wengine watataja uchawi. Katika Kwale na Kilifi, wazee wamewahi kushambuliwa na hata kuuawa kwa kusingiziwa uchawi, na mara nyingi nyuma ya masingizio hayo kuna ugomvi wa shamba. Jambo hili ni uovu, na hakuna mila inayoweza kulihalalisha.

Dawa ambayo kikundi kinaweza kuitumia ni uwazi. Someni mahesabu mbele ya watu kila mwezi, hata mbele ya wasio wanachama. Bandikeni bei. Na mkipata, onekaneni kwenye mambo ya jirani: matanga, harusi, mgonjwa. Kuna wataalamu wanaofundisha kwamba mchango wa matanga ni pesa iliyopotea. Hapa kwetu asiyehudhuria matanga huonekana kama amejitoa katika kijiji, na aliyejitoa hauziwi kwa mkopo wala hasaidiwi duka lake likiungua. Ila wekeni kiwango. Katiba ya kikundi iseme: matanga ya mwanachama ni kiasi fulani, ya jirani ni kiasi fulani, kutoka mfuko wake maalumu. Bila kiwango, mfuko wa biashara utaliwa wote na huruma.

8. PAMPU ZA KWALE NA KAYA KINONDO

Tuone sasa mahali ambapo kuuliza kulizaa matunda.

Mwaka 1983 mradi wa pampu za mkono ulianza pwani hii ya kusini. Serikali ilishirikiana na wafadhili, na shirika la KWAHO likafanya kazi ya kukaa na wanavijiji. Ilikuwa rahisi kuchimba visima na kwenda zao. Badala yake waliuliza: nani huteka maji? Ni kina mama. Basi kina mama wakaingia katika kamati, wakashika hazina, wakafungua akaunti za benki, wakafundishwa kutengeneza pampu wenyewe. Hata pampu yenyewe ilifuata watu. Aina iitwayo Afridev, iliyojaribiwa hapa Kwale na pia Malawi, iliundwa iwe nyepesi kufungua kwa vifaa vichache, bila winchi wala fundi wa kutoka mbali. Baadaye ikaenea nchi nyingi za Afrika.

Hata hivyo pampu huchakaa, na kamati huchoka. Miaka ya 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walifuatilia pampu za Kwale kwa vifaa vidogo vilivyowekwa kwenye mkono wa pampu, vinavyotuma habari kwa njia ya simu. Kukaanzishwa huduma iitwayo FundiFix, ambapo kijiji hulipa kidogo kila mwezi na fundi hufika upesi pampu ikiharibika. Waliona kwamba watu huwa tayari kulipa zaidi pampu inapotengenezwa kwa siku chache badala ya wiki nyingi. Kwa hiyo lile neno "watu wa hapa hawapendi kulipia maji" halikuwa kweli. Hawapendi kulipia pampu iliyokufa. Nani anapenda?

Mfano wa pili uko Diani. Kaya Kinondo ni msitu mtakatifu wa Wadigo. Umefunguliwa kwa wageni tangu mwaka 2001, na ni mmoja wa misitu ya kaya iliyoingizwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia mwaka 2008. Mgeni halipi kuona mnyama. Analipa aelezwe miti na mila na wenyeji wenyewe. Hujifunga kitambaa cheusi kiunoni na haruhusiwi kuondoka na kitu, hata jani. Masharti hayo hayajafukuza wageni. Ndiyo hasa wanayoyafuata. Kama wazee wangeruhusu kila kitu ili wapate pesa haraka, msitu ungekatwa na biashara ingekwisha nao.

Katika mifano yote miwili, wenye mradi waliijua mila kwanza, ndipo wakajenga biashara juu yake.

9. KUELEWA SI KUKUBALI KILA KITU

Mtatuuliza: je, mila zote ni nzuri? La. Mjane anaponyang'anywa minazi aliyoitunza miaka thelathini, hiyo ni dhuluma, hata ikiitwa mila. Katiba ya 2010, kifungu cha 60, inataka ubaguzi dhidi ya wanawake katika sheria na mila za ardhi uondolewe. Mila nazo hubadilika. Urithi wa mjomba umebadilika mbele ya macho ya babu zetu.

Lakini anayetaka kubadilisha jambo ni lazima alijue kwanza. Akija mgeni na kusema "mila zenu mbaya" atafukuzwa. Akisimama mama wa kijiji hicho, anayejua nani alipanda nini, akazungumza mbele ya wazee wanaomjua, atasikilizwa. Na kikundi chenye cheti cha usajili, mahesabu safi na heshima kijijini ndicho mahali pazuri pa kusemea neno kama hilo.

10. FANYENI HIVI

Kabla ya kutoa pesa za mradi wowote:

- Chagueni wanachama watatu, mmoja wao mwanamke na mmoja kijana, wakae wiki mbili wakiuliza tu. Wasinunue kitu.
- Waulize wazee, wauzaji wa sokoni, na watu waliojaribu biashara hiyo wakashindwa. Aliyeshindwa ana mengi ya kufundisha.
- Warudi waeleze kikundi: mali ni ya nani, siku gani zina soko, jambo gani ni mwiko, nani atakasirika asipoambiwa.
- Anzeni kidogo, kwa msimu mmoja: minazi kumi badala ya sitini, kuku hamsini badala ya mia tatu.
- Andikeni mapatano kwa lugha ambayo pande zote zinaielewa, yasomwe kwa sauti mbele ya mashahidi, kila upande ubaki na nakala.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Katika kijiji chetu, ni minazi au miembe gani iliyo ya mtu asiye mwenye ardhi? Tunajuaje?
2. Je, yuko jirani aliyekataa kujiunga na kikundi chetu kwa sababu ya riba? Nani kati yetu ataenda kuzungumza naye?
3. Ramadhani na Idd zijazo, na Krismasi ijayo, tutauza nini, na tuanze kujitayarisha wiki gani?
4. Ni mila gani inayosaidia biashara yetu? Ni ipi inayomuumiza mtu, na nani anaweza kuizungumzia akasikilizwa?

Mkimaliza, katibu aandike majibu katika kitabu cha kikundi. Siku mtu atakapoleta wazo la mradi mpya, kifungueni kitabu hicho kwanza, ndipo mweka hazina afungue sanduku.